Picha ya Mama na Mtungi Uliojaa

Mimi ndiye niliyeiposti ile picha. Naanza na hilo, maana nimechoka kusikia watu wakinitetea eti ni mitandao. Mitandao haina vidole.

Miaka ile ya soko huria kila mtu pale Chanji, mtaani kwetu mjini Sumbawanga, alikuwa mjasiriamali, na hata uji ulikuwa na lebo. Mimi nilikuwa nauza unga wa ulezi, ulezi wenyewe wa mama yangu aliyekuwa akilima kule Mwimbi. Unga mzuri, wateja haba. Nikafungua ukurasa mtandaoni, nikaweka picha za pakiti. Wakapenda watu wanne, mmoja wao mimi mwenyewe.

Siku moja nikaweka picha ya mama akiwa jikoni, ameshika mwiko, macho mekundu kwa moshi wa kuni. Chini nikaandika: "Unga wa bibi wa Sumbawanga. Ukinywa uji wake leo, kesho utarudi mwenyewe bila kujijua." Si unajua mji wetu unavyotaniwa kwa uchawi? Ukiwa Dar ukasema umetoka Sumbawanga, mtu anakuuliza umekuja kwa basi au kwa ungo. Nikasema, wacha utani huo utulishe na sisi. Loo! Watu wakacheka, wakashea, oda zikaja mpaka nikaishiwa mifuko. Nilijiona mjanja kweli kweli.

Wiki ya pili picha ikanirudia kutoka grupu la watu wa kijijini kwetu. Pakiti ya unga imekatwa, maneno yangu yamekatwa. Umebaki uso wa mama na macho yale, na chini mtu ameandika: "Tunaye hapa hapa. Ng'ombe hawafi bure." Nikashuka kwenye komenti kumtafuta hata mmoja aliyecheka. Hakuna. Mwingine alijibu tu, "Tumemjua."

Nchi hii vikongwe wameuawa kwa macho mekundu tu, na mama alikuwa anaishi peke yake. Nikapiga kitochi chake, hakipatikani. Nikampigia jirani yake, ambaye namwita mama mdogo kwa jinsi walivyoishi na mama tangu sijazaliwa. Wamelima pamoja, wamezika waume pamoja.

"Mama mdogo, shikamoo. Mama hajambo?"

"Yupo."

"Yupo vipi?"

Akakata simu.

Kesho yake nikapanda basi la asubuhi hadi Matai, kisha bodaboda. Njia nzima nilikuwa nimembana dereva kiunoni, natazama mbele kutafuta moshi wa nyumba inayoungua. "Dada, unanivunja mbavu," dereva akalalamika. Nikamfokea aendeshe, maskini wa Mungu, na wala hakuwa amenikosea.

Nyumba ilikuwa imesimama. Mama alikuwa amekaa mlangoni, kajifunga kitenge mabegani kwa baridi, na mbele yake mtungi wa pombe umejaa mpaka shingoni. Nikamkumbatia nikilia. "We, kuna msiba?" akauliza.

Ndipo nikaona shamba. Ulezi ulikuwa umekauka, haujakatwa hata suke moja. Kwetu huvuni peke yako. Unapika pombe, unaita majirani, wanakuja na visu vyao, wanakata masuke huku wanakunywa na kutaniana. Mama alikuwa amepika, na alikuwa ameita.

"Leo siku ya pili," akasema. "Hakuna aliyepita hata kunisalimu. Nimemkosea nani, mwanangu? Wewe uliyesoma, niambie."

Nikamwambia. Nikampa simu. Akaisogeza mbali, akaisogeza karibu, akajitazama muda mrefu.

"Nilikuambia zile kuni mbichi," akasema.

Nikaandika kwenye grupu kwamba mimi ni binti yake, picha ni yangu, utani ni wangu. Nilianza kwa matusi, nikayafuta, nikaomba radhi. Ujumbe ukasomwa. Basi.

Mchana mama mdogo akatokea, kisu mkononi. Jamani, moyo wangu uliruka kwa furaha! Mama naye akainuka haraka, akachota pombe kwa kata, akampa kwa mikono miwili. Desturi ni mwenye pombe aonje kwanza, mgeni aone haina sumu. Lakini hiyo ni kwa mgeni. Hao wawili, tangu nipate akili, walikuwa wakinyang'anyana kata.

Mama mdogo hakuipokea. Alitazama chini.

"Onja kwanza, dada," akasema.

Mama akaonja. Akainywa yote, akachota nyingine, akampa. Tukavuna watatu mpaka jioni, na mama, ambaye hamalizi tuta bila kumtania mwenzake, alikata masuke tu.

Picha niliifuta siku ile ile, kwenye ukurasa wangu. Kwenye simu za watu sijui. Msimu uliofuata mama hakupika pombe, alihamia kwangu Chanji. Asubuhi huwapikia wanangu uji. Kabla hajawapa vikombe huonja kwanza yeye, mbele yao, na hakuna aliyemwomba.