Hodi kwenye Mikro

Watoto wote wa kambi tulijua kwamba mikro, kile chombo cha kusemea redioni, ya yule mzungu, ambaye baba alikuwa boyi wake, inafika hadi kwa wafu. Ushahidi tulikuwa nao: kabla ya kusema aliigonga kwa kidole, kama mtu anayepiga hodi, kisha sauti za watu wasioonekana zikamjibu.

Leo, hapa mtaani Katuba, fundi amewasha redio kuukuu, na ile harufu ya vumbi linaloungua imenirudisha chumbani mule mwa mzungu.

Mama alikuwa amezikwa juma lile. Mzungu ametoka, baba anapiga pasi barazani. Nikaivuta mikro mbali na dirisha, upepo usinichanganyie maneno, nikaiweka kiganja kimoja toka mdomoni, kama mwenyewe alivyofanya. Nikagonga.

“Mama, ni miye. Fungua.”

Nikangoja miaka mia tatu. Nikagonga tena.

Baba alikuwa mlangoni, pasi ya makaa ingali mkononi. Hakunipiga. Akaifungua ile pasi, akanionyesha makaa ndani.

“Mutoto yangu, mu ile mikro muko makala kama haya, ila ya kusagwa. Ikishikana, sauti haipite, njo maana muzungu anagonga. Mama haiko mule.”