Kamba ya Kozi

Mpaka leo nikinusa mafuta ya mkia wa kondoo yakiyeyuka kwenye sufuria, simkumbuki mpishi wala sikukuu. Namkumbuka baba yangu amekaa kwenye kizingiti cha mlango wa nyuma wa nyumba yetu ya Wembley, kibakuli cha mafuta kando ya mguu wake, anaipaka kamba ya ngozi kwa vidole viwili, taratibu, kama mtu anayemkanda mtoto mchanga. Harufu ile iliingia jikoni, ikapanda ngazi, ikakaa kwenye sare zangu za shule. Wenzangu darasani walinisogelea, wakanusa, wakarudi nyuma. Mama alilalamika mpaka akachoka. Baba hakujali, kwa sababu kamba ile ilikuwa ya kozi wake, ndege wa kuwindia, na hakuna kitu katika nyumba ile, na sisi tukiwemo, kilichotunzwa kama yule ndege.

Kozi alikuwa jike, kifua cha madoadoa, macho meusi yasiyopepesa, na Baba alimwita Bibie. Alipewa na mzee mmoja wa Kiingereza waliyefanya naye kazi karakana moja, ambaye miguu yake ilikuwa imechoka kumfuata ndege mawindoni. Baba alijua kufuga kozi tangu utotoni; babu yake alikuja Unguja na ujuzi huo kutoka Uarabuni. Mchana Bibie alikaa bustanini, juu ya kigingi kifupi kilichochomekwa kwenye majani. Miguuni alivaa mikanda miwili ya ngozi na njuga ndogo. Mikanda iliungana kwenye pete inayozunguka, ili kamba isijisokote, na hapo ndipo ilipoanzia kamba ndefu iliyofungwa kwenye pete ya kigingi. Baba alimbeba kwa mkono wa kushoto wenye glavu nene, akafunga fundo kwa mkono wa kulia peke yake, akaipitisha ncha ya kamba ndani ya kitanzi cha fundo, akavuta, akaondoka, akarudi kuvuta tena. Mimi, Zuwena, mtoto wake wa pekee, nilifundishwa jambo moja kuliko yote. Kozi akitoroka bila kamba anaweza kuwinda akaishi. Akitoroka na kamba inaning'inia, itanasa mahali, naye atabaki kichwa chini mpaka afe.

Baba alikuwa mtu wa kushuku, na sijapata kuona aliyemshinda. Tulitoka Unguja baada ya mapinduzi, mimi nikiwa bado wa kubebwa, na hofu ya siku zile aliifunga pamoja na nguo akaja nayo. Alimshuku muuza maziwa kwa kuacha chupa karibu mno na dirisha. Alimshuku mwalimu wangu kwa kuniuliza babu yangu alifanya kazi gani. Yule mzee wa Kiingereza alimpa ndege pamoja na chupa ya mafuta maalumu ya kulainishia ngozi. Baba akaigeuzageuza, akasoma karatasi yake mbele na nyuma, asione palipoandikwa ni mafuta ya mnyama gani. Basi kwake yakawa ya nguruwe, na hakuna wa kumwambia vingine. Chupa ikatupwa kwenye banda la bustani bila kufunguliwa, na yeye akaenda Southall kwa muuza nyama Mwislamu kutafuta mkia wa kondoo.

Mwaka mmoja, baridi ilipoanza kulegea, akaja Mjomba Haji, kaka yake Mama. Alikuwa mwembamba, mpole, anacheka huku amefunika mdomo kwa kiganja. Uwanja wa ndege Mama alilia kwa furaha. Baba alimpa mkono huku anamtazama viatu. Viatu vilikuwa vipya. Nani kampa viatu vipya? Kwa nini wengine wamezuiliwa kutoka, yeye karuhusiwa? Miaka yote hiyo alikuwa kule anafanya nini, na kwa nani? Maswali haya Baba hakumwuliza mwenyewe. Alimwuliza Mama jikoni, kwa sauti ya chini, bomba la maji likiwa wazi ili lizibe maneno. Mjomba hakupewa ufunguo wa nyumba. Akirudi kabla yetu alingoja nje, mara nyingi mvuani, na mimi nikitoka shule nilimkuta amejibanza chini ya mti wa jirani, ananipungia mkono kana kwamba amekuja kunipokea. Nilimpenda sana, na bado nilipekua mifuko ya koti lake, kwa kuwa nilikwisha kuambukizwa. Siku moja tukiwa mezani alimtazama Bibie kupitia dirishani, akasema, "Mie niliwahi kutiwa ndani, shemeji. Lau ningekuwa na amri, ningemwacha huyu ende zake." Baba aliacha kula.

Ikafika Jumamosi ya mpira. Siku kama hizo mtaa ulijaa mashabiki tangu mchana, wanaimba, wanapuliza mapembe, na baadaye uwanja wa mpira wa jirani ukinguruma vikombe vilitikisika kabatini. Mimi na Mama tulikuwa tumekwenda sokoni, Baba amekwenda kuswali kwa rafiki yake, Mjomba amebaki nyumbani. Tuliporudi tulimkuta Baba amepiga magoti kwenye majani, anaipapasa pete ya kigingi. Bibie hakuwepo, wala kamba haikuwepo, hata kipande.

"Haikukatika hii," alisema. "Imefunguliwa. Na ndege hana mikono." Akainuka, akamgeukia Mjomba aliyesimama mlangoni na kikombe cha chai.

"Mie sijamgusa ndege wako, shemeji. Wallahi sijamgusa."

"Nikirudi naye au nisirudi naye, nisikukute hapa."

"Baba Zuwena, huyu ni ndugu yangu!" Mama alipiga kelele.

"Ndiyo maana nikamvumilia mpaka leo."

Sijui niliogopa lipi zaidi, Bibie kufa au Mjomba kufukuzwa. Baba alichukua filimbi na chambo chake, manyoya yaliyofungwa kwenye uzi pamoja na kipande cha nyama, akaniambia nimfuate na nisikilize njuga. Tungesikia njuga gani? Barabara nzima ilikuwa ikiimba. Baba alipuliza filimbi, mashabiki wakamjibu kwa mapembe yao, mmoja akamvulia kofia. Yeye alimtazama kila mmoja wao kana kwamba kamficha kozi kotini. Tulizunguka mpaka kituo cha treni na kurudi, na Baba, ambaye sikuwahi kumwona analia, alikuwa anajifuta uso kwa glavu.

Tulipokaribia nyumbani alitokea Bi Kokila, jirani yetu Mhindi wa Nairobi, mwiko bado mkononi. "Bwana Seif! Ile kuku yako iko juu ya nyumba yangu! TV yote imeharibika, mimi naona mvua tu!" Tukatazama juu. Kamba ilikuwa imejizungusha kwenye antena, na Bibie ananing'inia kichwa chini, mabawa wazi, hatapatapi tena. Ngazi ya mume wa Bi Kokila ilikuwa nyembamba, na goti la Baba lilikuwa bovu. Alipanda kidogo, akashuka. Mjomba Haji alikuwa ametoka na sanduku lake, tayari kuondoka. Aliliweka chini, akavua vile viatu vipya, akaviweka juu ya sanduku, akapanda. Alimfunika Bibie kwa koti na kuinasua kamba. Ukucha wa ndege ulimwingia mkononi, tukaona damu ikitiririka hadi kiwikoni, lakini hakumwachia mpaka alipomfikisha kwa Baba.

Bibie alikuwa mzima. Baba alimpa maji, akamfunga mwenyewe kwenye kigingi kama kawaida yake: fundo, ncha ndani ya kitanzi, akavuta, akaondoka, akarudi kuvuta tena. Mama akatuita sote jikoni, Bi Kokila akiwemo. "Njooni dirishani," alisema. "Leo ntamjua mwenye mikono." Bibie alijikung'uta. Akainama kwenye fundo, akaionja ncha ya kamba, akaidonoa, akaitafuna na kuivuta kama anayenyofoa nyama mfupani, mpaka ikatoka kitanzini. Uwanja ukanguruma, ndege akashtuka na kuruka, na fundo, lililoteleza kwa mafuta, likafunguka lote. Baba alitoka mbio na goti lake bovu, akaikanyaga kamba.

"Kamba umeiunga mwenyewe kama mchuzi," Mama alimwambia aliporudi, "halafu unauliza nani kaila."

Baba alisimama mbele ya Mjomba, ambaye mkono wake Mama alikuwa anaufunga kwa kipande cha kanga. "Zuwena," alisema, "mrudishie mjomba'ko sanduku juu." Huo ndio ulikuwa msamaha wake wote.

"Liache hapo, mwanangu," Mjomba alisema. Akavaa viatu. "Shemeji, yule ndege hasemi, na leo umemwamini. Mie nimesema, nimekuapia, hukuniamini." Akaenda kukaa Southall na watu wa kwao. Sikukuu alikuja, akapiga kengele, akakaa kiti cha karibu na mlango. Nilimchukia Baba kwa muda mrefu. Kamba aliipaka mafuta ya ile chupa ya bandani, na Bibie hakutoroka tena.

Baba na Mjomba wote wawili wamefariki sasa. Uwanja wa zamani umevunjwa ukajengwa mwingine, na paa la Bi Kokila halina antena. Mimi naishi Stanmore, nina kamera mlangoni, na simu yangu inanionyesha mwanangu yuko wapi hata asipotaka. Juzi juzi alikuja kwetu mpwa wa mume wangu, kijana kutoka Unguja, amepata kazi ya uuguzi. Nilimpokea vizuri. Kisha nikajikuta jikoni, bomba liko wazi, namwuliza mume wangu kwa sauti ya chini, kijana huyu nani kamlipia safari. Mwanangu akaingia, akaniuliza kwa Kiingereza chake kwa nini nanong'ona na maji yanamwagika bure. Nilifunga bomba. Nikaenda kuchongesha ufunguo, nikamtia kijana mkononi. Bado namtazama kwenye kamera kila anapoingia, siwezi kuacha. Lakini mvua ikinyesha, anaingia.