Mashine Isiyosimama Mbele ya Fundi

Ghulamabbas alikuwa amefikisha miaka sitini na tatu, na magoti yake yalikuwa yameanza kumwomba ruhusa kabla ya kila ngazi. Ufundi wa redio alijifunzia Arusha, dukani kwa mjomba wake. Toronto alikuwa na miaka kumi na tisa sasa, yote katika karakana moja ya kitongoji cha Etobicoke inayokata sponji za mito ya viti vya magurudumu. Kila mto hukatwa kwa vipimo vya mtu mmoja, na huyo mtu yuko mahali fulani anausubiri.

Sponji ilikatwa na kisu chembamba kilichoendeshwa na mota. Mota zilitii kontrola, kisanduku cha chuma kilichofungwa ubavuni mwa mashine. Kontrola nayo ilipokea maagizo, mstari baada ya mstari, kutoka kwenye kompyuta ndogo ya bodi moja, ukubwa wake kama pakiti ya karata. Vitu hivyo viwili viliunganishwa na kebo moja tu, na Januari ile vikaanza kukosana.

Kisu kilikuwa kikienda vizuri, halafu kinasimama ghafla katikati ya mto. Kwenye skrini yanatokea maneno kwamba mawasiliano yamekatika. Bonge zima la sponji linatupwa, kazi inaanza upya.

Aliyeendesha mashine ile alikuwa Zahira, mama wa Kiunguja wa miaka hamsini na kitu. Alikaa Crescent Town, upande wa pili wa jiji, na kila asubuhi alivuka mji mzima kwa treni na basi.

"Kaka, imekata tena," alikuwa akimpigia simu Ghulamabbas, naye anashuka kutoka chumba chake cha juu, mkono ukishika ukuta.

Akifika, mashine inafanya kazi. Anasimama nusu saa, saa nzima, kisu kinateleza bila tatizo. Akirudi juu tu, simu inalia.

Alibadilisha kebo, akaweka fupi zaidi. Akaitenga na nyaya za mota ili zisiisumbue. Akapunguza kasi ya kupeleka maagizo. Akaandika upya programu ili kompyuta isipeleke mstari wa pili kabla kontrola haijajibu kwamba imeupokea wa kwanza. Kila mara alijaribu mwenyewe, akaridhika, akapanda ngazi. Kila mara aliitwa tena.

Wiki ya tatu, Aleem, mwenye karakana, alimfuata chumbani. Aleem alizaliwa hukuhuku, lakini wazazi wake walitoka Mwanza, na Kiswahili cha nyumbani kilikuwa bado kipo kinywani mwake.

"Anko," alisema kwa upole, "kama imekushinda, sema tu. Tutatafuta watu walete mfumo mpya."

Upole ule ulimuuma kuliko kama angefokewa. Jioni, mezani, alimwambia mkewe Naseem kwamba labda akili yake imeanza kuzeeka.

"Akili yako ni nzima," Naseem alisema akimpakulia wali. "Umechoka tu. Umechoka tangu mwaka juzi."

Asubuhi iliyofuata hakugusa kebo wala kontrola. Aliketi na kikombe cha chai, akafungua kumbukumbu ambazo kompyuta ile ndogo hujiandikia yenyewe, akazisoma polepole kama mtu anayesoma barua ya kwao. Mashine ilikuwa imekata mara thelathini na moja, na kila mara, sekunde chache kabla, kompyuta ilikuwa imeandika onyo kwamba umeme umepungua. Kisha akaona jambo jingine. Kulikuwa na siku mbili ambazo haikukata hata mara moja, naye alizikumbuka vizuri: ndizo siku mbili ambazo barafu iliyeyuka na watu wakatembea makoti wazi.

Alishuka bila kuitwa. Zahira alikuwa amempa mgongo, anapima sponji. Ghulamabbas alipiga magoti kwa taabu, akaufuata kwa mkono waya wa chaja ya kompyuta hadi kwenye ekstensheni iliyopita chini ya meza. Pale palikuwa na gunia la vipande vya sponji. Alilisogeza. Nyuma yake palikuwa na hita ndogo ya umeme, imewaka nyekundu kabisa, na upande mmoja wa gunia ulikuwa umeshageuka rangi ya kahawia.

Aling'oa plagi.

Zahira aligeuka, akaona. Hakujaribu kusema uongo.

"Nikija, unaizima?" Ghulamabbas aliuliza, bado yuko chini.

"Naizima kwa mguu."

"Wiki tatu, Zahira! Wiki tatu najiona nimekuwa mjinga."

"Najua ni marufuku, ndiyo maana nikaificha. Lakini wallahi sikujua kama ndiyo inayokata mashine." Alionyesha mlango mkubwa wa mizigo, hatua kumi nyuma yake, ulioachwa wazi kwa ajili ya lori. "Nilimwambia msimamizi aliyepita, mara mbili. Akaniambia nivae soksi nzito. Vidole hivi vikiganda havishiki kipimo, kaka."

Ghulamabbas alitaka kumgombeza, lakini uchovu ulimzidi. Alishika ukingo wa meza, akajiinua.

"Hita ikijiwasha inavuta umeme wote wa waya huu," alisema. "Kompyuta inakosa nguvu, inapoteza mawasiliano na kontrola. Hilo dogo. Tazama gunia."

Zahira alilitazama, akaweka mkono mdomoni.

"Utamwambia Aleem?"

"Nikinyamaza, baridi itakushinda, utaiwasha tena. Humu ndani sponji imejaa hadi dari."

Zahira akavua glavu. "Basi nitasema mwenyewe. Ila tupande wote."

Aleem alikasirika, tena sana. Alizungumzia moto, bima, na jinsi Anko alivyoteseka bure. Kisha akashuka nao. Lori lilikuwa linapakuliwa. Alisimama kwenye nafasi ya Zahira bila koti, na baada ya dakika chache akaingiza mikono mifukoni.

"Kila siku huwa hivi?" aliuliza.

"Leo afadhali," Zahira alijibu.

Alipewa barua ya onyo, akaitia saini. Baada ya siku nane mafundi walifunga pazia nene la plastiki mlangoni, na chini ya meza pakawekwa zulia la joto lenye waya wake peke yake. Ghulamabbas aliipa kompyuta chanzo kizuri cha umeme na soketi yake yenyewe nguzoni. Wiki ikapita, kisu hakikusimama. Alitegemea kufurahi, akajikuta anataka kulala tu. Ijumaa alimwomba Aleem apunguziwe kazi, abaki na siku tatu kwa wiki. Aleem alikubali kabla hajamaliza sentensi, na hilo nalo likamchoma kidogo.

Alasiri ile alikutana na Zahira kwenye basi la kwenda stesheni. Viti vilikuwa vimejaa isipokuwa kimoja, kando yake.

"Bado umenikasirikia?" Zahira aliuliza.

"Kidogo."

"Haya," alisema, akaondoa mkoba wake kitini. "Kaa."

Akakaa, akafumba macho.