Safari ya Kutazama Maji Yanayoanguka

Mume wangu alifundisha maporomoko ya maji kwa miaka tisa kabla ya kuyaona. Alikuwa mwalimu wa jiografia hapa Mtwara, na kila mwaka somo la mito lilipofika alichora ubaoni mwamba mrefu kwa chaki nyeupe, kisha akayateremsha maji kwa chaki ya buluu. Chaki ya buluu ilikuwa adimu siku hizo. Aliitunza ndani ya kopo la dawa na hakuitumia kuchora bahari, kwa kuwa bahari wanafunzi waliiona dirishani.

Siku moja msichana wa mstari wa mbele alinyoosha mkono akauliza, kwa adabu kabisa, kama maji yakianguka hivyo yanapiga kelele. Mume wangu akasema ndiyo. Msichana akauliza kelele gani. Mume wangu akasema wafungue ukurasa unaofuata.

Alirudi nyumbani kwetu Chuno, akala, akanawa mikono, ndipo akatamka, "Tutakwenda kuyaona."

"Kuona nini?"

"Maporomoko."

Mimi nilikuwa mpiga chapa katika ofisi moja ya serikali. Nilikuwa nimezoea maamuzi yanayotolewa baada ya chakula, kwa hiyo sikushtuka. Nilimwuliza hayo maporomoko yako wapi. Akasema hajui bado, na ndiyo maana lazima tupange.

Kupanga kulichukua miezi minane. Zama zile hapakufanyika jambo bila kikao, na mume wangu alikuwa mtu wa zama zake. Kila Jumamosi mchana tulikaa sebuleni, yeye mwenyekiti, mimi katibu, na mama yake mjumbe. Mama mkwe wangu alikuwa mtu wa Msimbati. Alikuja kwetu kutibiwa jino, jino likang'olewa, naye akabaki. Alihudhuria vikao vyote huku akisuka ukili wa mkeka, na katika kila kikao aliuliza swali lile lile.

"Mwanangu, bahari yote hii haikutoshi?"

"Bahari haianguki, mama."

"Na hayo maji yakishaanguka?"

"Yanaendelea na safari yake."

"Haya," alisema mama mkwe, akarudi kwenye ukili wake. Niliandika katika kumbukumbu za kikao kwamba mjumbe aliomba ufafanuzi akapewa.

Aliyetuonyesha njia ni jirani yetu, fundi wa magari. Wazazi wake walivuka Ruvuma kutoka Msumbiji yeye akiwa bado mgongoni, na mama yake alikuwa akisimulia kwamba upande huu wa mto, msituni kwenye mteremko chini ya Newala, walikuta maji yanaanguka kutoka juu ya jiwe wakanywa. Fundi mwenyewe hakukumbuka lolote, kwa sababu alikuwa amelala. Lakini alikuwa na pikapu aliyoiunda kutokana na magari matatu yaliyokufa, naye alisema ingefika popote tutakapo, mradi tusimwulize itarudi saa ngapi.

Shida ilikuwa mwezi wa kwenda. Kila tuliyemwuliza alisema maji yale huwapo mvua zikinyesha. Barabara ya Newala ilipitika mvua zisiponyesha. Mume wangu alichora jedwali, mvua upande mmoja na matope upande mwingine, akagundua kwamba kulikuwa na majuma mawili katika mwezi wa tano ambapo barabara ingekuwa imeanza kukauka na maji hayajakata. Aliyazungushia duara jekundu. Fundi alilitazama jedwali lile akasema kwamba hajawahi kuona matope yakipangwa.

Kisha ikabidi tupate barua. Ng'ambo ya mto kulikuwa na vita, na mtu hakwenda tu upande ule kwa sababu amejisikia. Barua kama hizo nilikuwa nikizipiga chapa kila siku, na nilizijua sababu zinazokubaliwa: msiba, ugonjwa, kazi. Nilimshauri mume wangu achague mojawapo. Akasema hataanza safari kwa uongo. Tukaenda kwa ofisa anayehusika, mtu mpole mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi.

"Mnakwenda kufanya nini huko, ndugu Mwalimu?"

"Kutazama maji yanayoanguka."

Ofisa alisubiri, akidhani sentensi haijaisha.

"Mna shamba huko?"

"Hatuna."

"Kuna mgonjwa?"

"Hapana, tunashukuru."

Ofisa aliitazama fomu yake mbele na nyuma. "Nitaandika ziara ya mafunzo," alisema mwishowe. "Anayefunzwa ni nani?"

"Mimi," akasema mume wangu.

Ikaandikwa hivyo, ikagongwa muhuri.

Wiki tatu za mwisho mume wangu alichora ramani. Aliichora kwenye karatasi ya manila, misitu kwa kijani, mteremko kwa mistari myembamba ya kahawia, kila daraja mahali pake, na mto Ruvuma wote kwa buluu, pamoja na visiwa vyake. Ilikuwa kazi nzuri kuliko zote alizowahi kuzifanya. Fundi aliisifu, mama mkwe aliisifu, na mimi niliikunja kwa uangalifu nikaifunga kwa utepe. Hakuna hata mmoja wetu aliyewaza jambo ambalo kila mtu wa mpakani angeliwaza mara moja.

Tuliondoka Jumamosi baada ya sala ya alfajiri. Mama mkwe aliketi mbele na fundi, akiwa na kapu la samaki wa ng'onda mapajani. Mume wangu alimwambia kwamba hatuendi kwa watu, tunakwenda kwenye maji. Akajibu, "Na hapo kwenye maji hapana watu?" Sisi wawili tulikaa nyuma, juu ya gunia lililojazwa makumbi ya nazi. Hadi Nanyamba barabara ilikuwa mchanga, na baada ya Nanyamba ilikuwa mchanga mwekundu. Mikorosho ilipita kushoto na kulia, kisha ikapita mingine. Mume wangu alinionyesha miinuko kwa kidole na kunieleza ilivyotokea. Nilifurahi, nisifiche. Tulikuwa tumeoana miaka sita na hatukuwahi kwenda mahali popote ambapo hapakuwa na maiti wala bibi harusi.

Kabla ya Newala tulikuta mwanzi umelazwa katikati ya barabara. Palikuwa na mgambo watatu, mmoja na bunduki, wawili na fimbo. Mkubwa wao alikuwa kijana aliyevaa sweta, maana huko juu asubuhi kuna ukungu. Aliisoma barua yetu polepole, akairudisha, kisha akaigusa ile karatasi yenye utepe.

"Na hii?"

Mume wangu akaifungua mwenyewe, akaitandaza juu ya boneti.

"Hii ni ramani," alisema mkubwa wa mgambo.

"Ndiyo."

"Nani kachora?"

"Mimi," akasema mume wangu, na katika maisha yangu yote sijamsikia tena akisema neno hilo kwa fahari kiasi kile.

"Mto umeuchora vizuri sana."

"Asante."

Fundi alifumba macho, akanong'ona kitu kwa lugha ya wazazi wake. Yule mgambo akamgeukia. "Na wewe, ndugu, unasema Kimakua. Umezaliwa wapi?" Fundi, ambaye naye hakutaka kuanza uongo siku ile, akanyoosha mkono kuelekea ng'ambo ya mto.

Tukapelekwa ghala la korosho la kijiji, ambalo wakati ule halikuwa na korosho. Mkubwa wa mgambo alitueleza bila ukali kwamba tutakaa hapo mpaka atakapojua sisi ni nani. Alikuwa na jambo moja lililomkera. Barua inasema huyu anakwenda kufunzwa, naye anasema ni mwalimu.

"Mwalimu anafunzwaje?" aliuliza.

"Kwa kuona," akasema mume wangu.

"Basi kama ni mwalimu, fundisha."

Ikawa kwamba jioni ile ndiyo ya kisomo cha watu wazima, na mwalimu wao alikuwa amekwenda msibani. Saa kumi walianza kuingia, wanawake wengi na wazee wachache, kila mmoja na kidaftari chake, wakaketi sakafuni. Mume wangu alitafuta chaki, hapakuwa na chaki. Akachukua kipande cha mkaa akachora kwenye mlango wa ghala. Nilimwona akiufuta mwamba na kuuchora upya mara mbili, na ndipo nilipotambua kwamba anaogopa, kwamba nami naogopa, na kwamba tangu tulipozuiwa nilikuwa nimeushika mkono wa mama mkwe wangu.

Alifundisha. Alieleza mwamba mgumu na mwamba laini, na jinsi maji yanavyoula ule laini hadi ule mgumu unabaki umening'inia. Mgambo watatu walisikiliza mlangoni. Mama mmoja wa makamo ya mama mkwe wangu, mwenye chale za zamani mashavuni, akanyoosha mkono.

"Hapo juu ya jiwe, mkono wa kushoto, pana ufa?"

"Inategemea, mama. Kila maporomoko yana umbo lake."

"Letu lina ufa. Ndipo tunapokingia ndoo."

Mume wangu akauliza taratibu, "Lenu lipi?"

"Hilo la bondeni. Kwani nyinyi mnatafuta lipi?"

Kisha akageuka akamwambia mkubwa wa mgambo, kwa sauti ya mtu aliyemzaa, kwa kuwa ndiye aliyemzaa, "Waache watu hawa. Mpelelezi gani anakuja na mama yake?"

Mkubwa wa mgambo alijitetea kidogo kuhusu usalama wa taifa. Mama yake akamwacha amalize, akasema, "Kesho nitashuka nao." Ramani ilibaki kwa mwanawe, na sisi tukalala ghalani kwa amani. Kapu la ng'onda liligawanywa jioni ile ile. Kila alipompa mtu samaki, mama mkwe alimtazama mwanawe.

Asubuhi tulishuka pamoja na wanawake kumi na kitu, kila mmoja na ndoo au debe. Njia ilikuwa mwinamo mkali, mizizi ndiyo ngazi. Msitu ulikuwa umeloa. Mume wangu alitangulia karibu kukimbia, akisimama kila mara kusikiliza. Tukafika.

Maji yalianguka kutoka urefu wa watu wawili, mmoja akisimama mabegani mwa mwenzake. Upana wake ulikuwa kama wa kanga iliyokunjwa mara nne. Hapakuwa na mvuke wala upinde wa mvua. Chini yake palikuwa na foleni, na wanawake walikuwa wakibishana ni nani aliyetangulia. Mama mwenye chale akakinga ndoo yake kwenye ufa, akatuangalia, akasema, "Ndiyo haya."

Mume wangu alisimama pale kwa muda mrefu. Nilimtazama nikajiandaa kumfariji. Lakini hakuwa na huzuni. Alikuwa akihesabu ndoo inachukua muda gani kujaa. Kisha akavua viatu, akaingia kwenye foleni, na zamu yake ilipofika akajaza debe la yule mama, akaomba alibebe yeye.

"Utaweza?" mama akauliza.

"Nitajaribu."

Wakamwekea ngata kichwani, wakamtwika. Kupanda kulituchukua saa mbili. Yule mama alinieleza kwamba hushuka mara mbili kwa siku tangu akiwa msichana mdogo, na kiangazi, maji hapo yakikauka, huenda mbali zaidi. Alilisema hilo kama mtu anavyosema anakaa nyumba ya pili kutoka kona. Mbele yetu mume wangu alipanda akiwa amekaza shingo, maji yakimmwagikia mabegani, na wanawake walimcheka wazi wazi, naye akacheka pia, jambo lililomwaga mengine. Tulipofika juu nilikuwa na kiu kali. Mama mkwe akachota kifuu kimoja kutoka debe lile akanipa. Nilikunywa nusu, nusu nikamrudishia, kwa sababu niliona jinsi yule mama alivyokuwa akilitazama debe.

Tulirudi Mtwara siku ya pili yake, tukisukuma pikapu mara tatu.

Miaka ilipita. Nilisikia kwamba bomba lilifika kijiji kile, likatoa maji kwa muda, kisha likanyamaza. Siku moja nikiwa Ufukoni nikitoka kununua samaki, nikasikia naitwa "mke wa Mwalimu". Alikuwa ni yule mama, amekuja mjini na mwanawe yule yule wa sweta, sasa mwenye mvi, kumwona mjukuu aliyejifungua. Tulisalimiana muda mrefu. Aliuliza habari za mama mkwe, nikamwambia ametangulia, akamwombea dua. Halafu akauliza, "Na shingo ya Mwalimu ilipona?"

"Ilipona baada ya wiki mbili."

Aliwageukia wanawake aliofuatana nao. "Mume wa huyu alinibebea maji," aliwaambia. "Alimwaga nusu, lakini alifika."