Mlenda Kwenye Kingo za Mikanda

Kila mji ninaohamia, nikisikia harufu ya nta ya nyuki ikiyeyuka, narudi Igoma, kwenye benchi la mama yangu aliyeshona mikanda ya ngozi.

Siku moja mwenye duka aliyekuwa akimuuzia mikanda hiyo alimrudishia yote, kwa kuwa rangi ya kingo ilibanduka kwa jasho. "Mama, wewe pika tu," alimwambia. "Mikanda waachie wanaume."

Mama akapika kweli. Alichemsha mlenda, akapaka ute wake kwenye kingo, akanipa kipande cha turubai nisugue mpaka ngozi ipate joto na kung'aa kama kucha. Kisha akapitisha nta.

Kesho yake, dukani, aliomba ndoo ya maji. Akazamisha mkanda mbele ya wateja, akautoa, akaukunja. Ukingo haukubanduka.

"Basi nachukua yote," mwenye duka alinong'ona. "Ila usiseme ni mlenda. Watatucheka."

Mama akawageukia wateja. "Ni mlenda huuhuu mnaoulia ugali! Nani anataka mkanda?"

Walicheka kweli. Mama akaanza kuwapima viuno, mmoja mmoja, palepale mlangoni pa mwenye duka.