Kibuyu Kilichorudishwa Langoni

Wasomaji wangu, wengi wenu mmekwisha kusikia kwamba yule dresa mstaafu aliyewauguza wazee wetu hospitalini hapa Musoma amefariki. Tulimzika Nyakato juma lililopita. Kichomi ndicho kilichompeleka hospitali, na sindano zikakituliza kifua. Kisha, alipokuwa akijiandaa kurudi nyumbani, tumbo la kuhara likamshika, naye hakuinuka tena. Siku zile za mwisho alikataa uji wa wodini akaomba maziwa ya mgando. Mkewe akamletea kibuyu. Bawabu akamrudisha langoni, kwa adabu, akisema ni amri. Nilipokwenda kuhani, mjane aliniambia, "Shemeji, bawabu simlaumu. Aliyemfundisha ile amri ni mume wangu mwenyewe."

Ni kweli. Zamani jamaa za wagonjwa waliingia wodini na chakula cha kila namna. Mzee mmoja wa Mugango aliletewa maziwa katika kibuyu kilichosuuzwa kwa maji ya ziwani, pale pale ng'ombe wanaponyweshwa. Akawagawia wenzake wa vitanda vya jirani, maana kunywa peke yako huku wenzako wakikutazama ni aibu. Waliumwa wote, naye akafa. Dresa ndiye aliyewaosha. Baada ya hapo alimwomba daktari apige marufuku chakula cha nyumbani, daktari akakubali, na dresa akawa anasimama langoni mwenyewe akimwaga maziwa ya watu majanini. Akina mama walimlaani. Mimi nilimwona ana haki, na hata leo sijabadili mawazo.

Lakini kuhara hakukwisha. Kulipungua, kisha kukarudi, hasa kwa wazee waliolazwa muda mrefu na kuchomwa sindano nyingi. Ndipo akaletwa bibi mmoja wa Butiama, mguu umevunjika, akagoma kula kabisa. Binti yake alimfuata dresa akamwambia, "Baba, mama yangu anakunywaga mgando tangu utoto wake. Uji wenu haumpiti kooni. Mkimnyima, mtanirudishia maiti." Dresa aliudhika, akaondoka, kisha akarudi. Aliagiza maziwa yachemshwe mbele ya macho yake, kibuyu kipya kioshwe kwa maji ya moto, na maziwa yagandishwe humo humo jikoni mwa hospitali. Bibi akanywa. Kuhara kulipopita tena wodini, jirani zake wa kulia na wa kushoto waliugua. Yeye hakuugua, na baadaye alirudi kwake akitembelea fimbo.

Nilimwuliza dresa kama mgando ni dawa. "Sijui," alisema. "Labda ni maziwa, labda ni kwa kuwa alikula akapata nguvu. Mgonjwa mmoja hatoshi kunipa jibu. Lakini ningependa kujua." Akaenda kuomba ipatikane pembe ya jiko ambamo jamaa wangechemsha na kugandisha maziwa chini ya uangalizi wake, wazee wanywe, naye awatazame. Kwa bahati mbaya daktari wa kwanza alikuwa amehamishwa, na aliyekuja alikuwa amesikia habari moja tu, ile ya kifo cha mzee wa Mugango. Akakataa. Dresa hakurudi kuuliza mara ya pili. Aliniuliza, angewezaje kuipinga amri aliyoiomba mwenyewe, hali daktari alimkatalia kwa maneno yale yale aliyoiombea? Akastaafu, amri ikabaki.

Tangu maziko sina raha. Sidai kwamba kibuyu cha mkewe kingemwokoa. Hilo halijui mjane, wala mimi, wala daktari. Kinachonisumbua ni kwamba lango lilijua kukataa, na ndani ya hospitali hapakuwa na mtu ambaye kazi yake ni kuuliza bado linakataa nini. Maziwa machafu na maziwa masafi yalirudishwa kwa neno moja. Siku hizi tunazungumza sana habari za kujitawala. Siku hiyo ikifika tutarithi amri nyingi, na baadhi yake tuliziomba wenyewe, kwa sababu nzuri, tukiwa na huzuni. Hizo ndizo ngumu zaidi kuzichunguza. Tuanze na jambo dogo lililo mikononi mwetu: mzee akikataa uji, aulizwe kwao hula nini, na pawepo jiko safi la kumtayarishia.