Hodi Ukutani

Wanamichezo walikula wote bwaloni, kwa hiyo nyumba walizojengewa hazikuwa na jiko hata moja. Sasa michezo imekwisha, nyumba zimegawiwa familia, na fundi bomba anapita mlango kwa mlango kufukua mabomba ya jiko ambayo wajenzi waliyaziba na kuyafukia ukutani yasubiri siku hii. Ramani anayo, ila huikalia anapokunywa chai. Kazi yenyewe huifanya kwa kifundo cha kidole: hugonga ukuta, husema "Hodi," hutega sikio, husogea shubiri moja, hugonga tena.

Ghorofa ya nne alimkuta bibi mmoja amekalia mafurushi yake, hajafungua hata moja. "Usijichoshe, mwanangu," bibi alimwambia. "Nimeshahamishwa mara tatu mimi. Na hapa pia watakuja kunitoa." Fundi akagonga. "Hodi," aliuambia ukuta. Akasogea. "Hodi." Mara ya tano kidole kikasita. Akashika patasi, plasta ikamwagika miguuni, na kizibo kilipolegea maji yakatoka mekundu kwa kutu, yakamrukia usoni, kisha yakatakata. Fundi akacheka peke yake, ndevu zinachuruzika, akaugonga ukuta tena kwa mazoea tu. "Hodi."

Bibi alikuwa ameshainuka. Alifungua furushi la kwanza, akatoa sufuria, akakinga maji.

"Karibu," alisema. "Karibu kwangu."